Fundo la Mwani kwenye Mshipi wa Kaka

Kaka yangu alipostaafu na kurudi Kibuyuni, alikuja na mke wake, godoro, feni moja mbovu na sanduku la buluu ambalo hakumruhusu mtu kuligusa. Alishuka nalo kwenye pikapu amelikumbatia kifuani, huku feni imebebwa na wifi yangu. Mimi ni mtu wa kusema ninachokiona. Nikamwambia, "Shikamoo kaka, naona mizigo myepesi umejiachia wewe." Akaitikia marahaba, akacheka, lakini sanduku hakuliweka chini mpaka alipofika barazani.

Tulidhani ni dhahabu. Alipolifungua tukaona samaki wa plastiki wa kila rangi, wamechorwa macho, wana ndoana tatu tatu tumboni. Chini yao kulikuwa na mishipi ya kuvulia iliyozungushwa kwenye vigurudumu vya plastiki, mingine kijani, mingine haionekani kabisa mpaka uiinue juani. Miaka yote aliyokaa Diani alikuwa akifanya kazi kwenye boti za kuwapeleka wageni kuvua bahari kuu. Yeye ndiye aliyefunga mishipi, aliyechagua chambo, aliyejua samaki wako wapi. Mgeni alivuta tu, akapigwa picha na samaki, akaenda kwao kusimulia.

"Nimevua samaki wengi sana kwa mikono ya watu wengine," alituambia. "Sasa nataka kuvua mwenyewe. Pale mwambani, kwa mkono wangu, bila fundi wala msaidizi."

Hilo ndilo alilolitaka, na lingine hakulitaka. Tulimtajia shamba, akasema jua kali. Tulimtajia mbuzi, akasema wananuka. Kila siku alikuwa akiutazama ule mwamba ulio mbele ya mashamba yetu ya mwani, mahali ambapo maji yanapojaa huwa na kina cha ghafla, na macho yake yanang'aa. "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu," akasema, na mimi nikamjibu kwamba sisi wanawake tunagaagaa na huo upwa tangu tuko wasichana na wali mkavu tunaujua vizuri sana.

Ndipo akaniita siku moja, akasema macho yake yamechoka kidogo, na kwamba anataka kunifundisha kufunga mshipi. "Nyinyi watu wa mwani mna vidole vyepesi," akasema. "Hebu keti hapa." Samaki mkunje angali mbichi, nami nilikuwa nimeshakauka zamani, lakini nilipenda kuitwa mwenye vidole vyepesi. Nikaketi. Kama ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mtu ambaye macho yamemchoka anaweza kuona jahazi la mbali kabla yetu sote, na kuisoma namba ndogo iliyoandikwa kwenye gurudumu la mshipi. Sikujiuliza.

Somo lake lilikuwa hivi. Mshipi mrefu, unaokaa kwenye fimbo ya kuvulia, ni ule wa kijani uliosukwa. Ni mwembamba na una nguvu, lakini una aibu mbili: samaki anauona, na jiwe likiugusa tu umekwisha. Kwa hiyo mwishoni, kabla ya chambo, unaunganishiwa kipande kingine chenye urefu wa pima moja hivi. Hicho ndicho kinachokutana na samaki. Kaka alikiita lida, kama walivyokiita kwenye boti.

"Lida maana yake nini?" nikamuuliza.

"Kiongozi."

"Na samaki akija, anayekatika wa kwanza ni nani?"

"Ni lida."

"Basi si kiongozi huyo," nikasema. "Viongozi ninaowajua mimi hawakatiki hata kidogo, wanaokatika ni wanaofuata nyuma."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanionyesha lida za aina tatu. Ya nailoni nyembamba, ambayo ni ya kolekole, kwa sababu kolekole ana macho na ana maringo. Ya nailoni nene, ambayo ni ya tewa, kwa sababu tewa akishameza hana mchezo, anarudi tundu lake moja kwa moja na kuusugua mshipi kwenye jiwe. Na ya waya, ambayo ni ya mzia, kwa sababu ya yale meno. Mimi nikamwambia jambo lenyewe si gumu: weka waya kila siku, ukae na amani yako. Akanitazama kwa huruma.

"Ukimwekea kolekole waya, atakuja, atautazama, ataondoka zake akuachie salamu. Ukiweka nyembamba, atauma, lakini tewa akitangulia umekwenda na maji. Hakuna lida ya kila siku, dada. Inabidi utazame maji kwanza. Huko kuchagua ndiko kuvua kwenyewe. Kuvuta hata mgeni anaweza."

Ile nailoni nene ilikuwa imezeeka sandukuni, ukiivuta inakatika kama tambi. Kwa kuwa mimi nilikuwa na safari ya Ukunda kutafuta leso za harusi, nikatumwa. Nikaingia duka moja la vitu mchanganyiko, nikamkuta kijana wa bara anauza, nikamwambia nataka mshipi.

"Mshipi ziko, mathe," akasema, na kunishushia mikanda ya suruali kutoka ukutani. "Unataka ya ngozi ama hii ya kuvutika?"

"Siyo hiyo, mwanangu. Nataka mshipi wa kuvulia."

Akasimama na mikanda yake mkononi. "Ya kuvulia? Lakini mathe, mshipi ni ya kuvaa. Kuvua si unafungua tu inatoka?"

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu wakaanza kucheka. Nikapandisha sauti, nikasema kuvua samaki, samaki wa baharini. Akauliza kama samaki anavaa mshipi. Nikamwonyesha kwa mikono, nikarusha, nikavuta, nikawa mimi ndiye mvuvi na mimi ndiye samaki, pale katikati ya duka, mwanamke mzima na buibui langu.

"Aaah, fishing line!" akasema. "Si ungesema tu hivyo."

"Nimesema hivyo," nikamjibu. "Nimesema kwa Kiswahili."

Nilirudi na nailoni namba themanini na hasira zangu. Nilipowasimulia nyumbani, wifi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo, kila kaka alipoichukua fimbo yake, wifi alimwuliza kwa adabu yote, "Bwana, leo unakwenda kuvua nini?" Naye akajibu, "Samaki, inshallah."

Siku ya kwanza ya kwenda mwambani tulikwenda wawili. Maji yalikuwa yanajaa, yameshapita magotini kwenye mashamba ya mwani. Kaka aliyatazama maji kitambo kirefu, akaona vidagaa vinaruka upande wa kina, akasema ni kolekole, funga nyembamba. Nikafunga. Kwa upande wa chambo akachagua samaki wake wa zamani, wa mgongo wa kijani, ambaye rangi yake ilikuwa imetafunwa na meno ya samaki wa miaka mingi. Huyo ndiye aliyekuwa akimpenda kuliko wote. Alizawadiwa huyo na nahodha wake siku ya kuagana. Nami nikamfunga kwa upesi wangu wote, nikajiona fundi.

Mara ya nne kurusha, fimbo ilipinda. Wallahi sijapata kuiona sura ya kaka yangu ilivyokuwa pale. Alikuwa kama tulipokuwa watoto na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona mwezi wa Idi. Mshipi ulilia, samaki akaenda, akaenda, kisha fimbo ikanyooka ghafla na kila kitu kikanyamaza.

Aliuvuta mshipi mpaka mwisho, akaishika ncha ya lida kwa kiganja, akaitazama. Ncha haikuwa imechanika wala kusuguliwa. Ilikuwa imejikunja vizuri kama mkia wa nguruwe.

"Haijakatika hii," akasema. "Imefunguka. Ulifunga fundo gani?"

"Fundo. Kwani yako mangapi?"

"Hebu nionyeshe."

Nikachukua kipande cha nailoni, nikafunga polepole ili aone, na katikati ya kufunga nikaona mwenyewe. Vidole vyangu vilikuwa vimeacha mkia wa kuvuta. Hilo ni fundo la mwani. Miche ya mwani tunaifunga kwa vikamba vidogo tunavyoviita taitai, maelfu kwa maelfu, na siku ya kuvuna unavuta mkia tu, fundo linafunguka, mche unaanguka kapuni, na taitai unaitumia tena. Kwetu sisi fundo lisilofunguka ni la mwanafunzi. Fundo zuri ni lile linaloachia. Mimi nilikuwa nimemfungia kolekole kwa fundo zuri.

"Mwani haukimbii, dada," akasema kaka.

Alisema kwa upole, na angenitukana ningeona nafuu. Jua lilikuwa linanichoma, nilikuwa nimeacha kazi zangu, na kosa lilikuwa langu, na hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama kosa langu mwenyewe. Nikamtupia lile gurudumu la nailoni miguuni. "Basi funga mwenyewe! Si wewe ndiye fundi wa Diani!"

Akainama, akaliokota kwa viganja viwili. Akachomoa ncha. Akajaribu kuizungusha, na vidole vyake havikukunja. Dole gumba lilikuwa linatafuta kidole cha shahada na halikifikii. Ncha ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka. Mara ya tatu nikaona mikono yake ilivyovimba kwenye vifundo, nikaelewa kwa nini lile sanduku alilikumbatia badala ya kulishika mpini, na kwa nini chai anainywa kwa bakuli.

"Ni baridi yabisi tu," akasema bila kunitazama. "Inanisumbua asubuhi."

Ilikuwa saa kumi alasiri.

Nilitamani mwamba unimeze. Nikamwambia, kaka, nisamehe, akasema hakuna la kusamehe, twende, maji yanajaa. Tukarudi. Hasira hasara, na siku ile hasara ilikuwa samaki wa plastiki wa mgongo wa kijani na uso wa kaka yangu.

Jioni wifi alinieleza yote. Kila asubuhi yeye ndiye anayemfungia vifungo vya shati, na kila jioni yeye ndiye anayevifungua. "Nimemwambia avae fulana, hataki. Anasema fulana ni za wagonjwa. Basi namfunga namfungua, kama mtoto wa madrasa, na tunazungumza mambo mengine ili asione tunachofanya." Nilipomwuliza kwa nini hakutuambia, akasema hata yeye hajaambiwa. Amefunga tu.

Baada ya hapo kaka hakwenda tena mwambani. Alikuwa anakaa barazani, anasifu upepo, anauliza habari za mwani wetu, jambo ambalo lilinitisha zaidi kwa sababu hajapata kuupenda mwani. Mimi nikajifunza lile fundo lake sawasawa: kuzungusha mara sita, kurudisha ncha, kulowesha kwa mate, kisha Bismillahi na kuvuta. Nililifunga usiku na mchana kama mtu aliyepagawa. Nikampelekea, nikamwambia, fundi wako yuko tayari, twende.

"Ahsante, dada," akasema. "Lakini nikienda na wa kunifungia, mimi nitakuwa nani pale? Nitakuwa mgeni. Nitavuta tu, na wewe unipige picha."

Nikakusanya nailoni yangu, nikarudi nayo nyumbani. Mimi, ambaye nina jibu la kila mtu.

Jibu nililipata bamvua iliyofuata, nimeinama shambani maji yakiwa chini kabisa, navika taitai kwenye kamba kubwa. Nasema navika, kwa sababu taitai haifungwi kwenye kamba kubwa, inavishwa. Unapitisha kitanzi juu ya kamba, unapenyeza mkia ndani ya kitanzi, unavuta, imeshika. Hata bibi mmoja wa kikundi chetu cha mwani, ambaye mkono wake mmoja umepooza, anavika taitai na wala hatumsaidii. Nilisimama na taitai mkononi mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimechomwa na nungu wa bahari.

Nikaenda nyumbani, nikakata ndara kuukuu vipande vipande. Nikafunga lida nyingi, kila moja ina chambo upande mmoja, kwa fundo lisilofunguka hata uje na jini, na upande wa pili kitanzi kikubwa. Ule mshipi wa kijani nao nikaufunga kitanzi mwishoni, kikubwa cha kupita ngumi. Lida nyembamba nilizizungusha kwenye vipande vya ndara nyeupe, nene kwenye nyekundu, za waya kwenye buluu, na zile ndoana nikazichomeka kwenye ndara zisimdunge. Kitanzi kinaingia ndani ya kitanzi, chambo kinapita katikati, unavuta. Hakuna kuzungusha wala kukunja kidole.

Nikamwekea sandukuni, nikamwambia, "Mimi sijui ipi ni ya leo. Hilo ni lako. Mimi nimekushonea nguo tu, kuchagua ya kuvaa ni kwako."

Alivitazama vipande vya ndara muda mrefu. "Vitanzi vikubwa hivi," akasema. "Samaki watacheka."

"Wacheke, ili wafungue mdomo."

Hakuniambia kama atakwenda. Lakini kesho yake, nimo shambani na wifi yangu, ambaye alikuwa amekuja kunisaidia kuvuna, tukamwona anapita na fimbo begani na sanduku kifuani, shati lake jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wifi akauliza kama kawaida, "Bwana, leo unakwenda kuvua nini?" Alikuwa anayatazama maji.

Tukajifanya tunavuna. Sijapata kuvuna vibaya vile maishani mwangu, nusu ya mwani ulirudi baharini. Alipofika mwambani nikamwona amefungua sanduku, akatoa kipande cheupe, akakitazama. Akatazama tena maji, pale kwenye kivuli cha jiwe. Akakirudisha. Akatoa chekundu. Nikashika mkono wa wifi. Aliinama juu ya mshipi, na tuliona mgongo wake tu, na ule mgongo ukakaa muda mrefu mno. Nikasema nakwenda. Wifi akanivuta leso, akasema ukienda hutakula kwangu tena.

Akainuka, akarusha.

Sijui alirusha mara ngapi, sikuhesabu, nilikuwa nasoma kila sura ninayoijua. Kisha fimbo ikapinda chini kabisa, siyo kwa kukimbia, kwa kuvuta chini kama mtu aliyenasa mwamba wenyewe, na nikajua ni tewa na anarudi tundu lake. Kaka alirudi nyuma hatua moja, mbili, amebana fimbo kwa kwapa na viganja. Nailoni ya Ukunda ilishika. Kitanzi kilishika. Mimi nilikuwa napiga kelele maneno ambayo hayafai mtu wa rika langu.

Kisha akapotea nyuma ya jiwe, na hatukuona kitu, na wifi akaanza kuita jina lake. Alipotokea, alikuwa anakuja kwetu mbiombio katikati ya maji, kifua wazi, na mikononi amekumbatia kitu kimezungushwa shati jeupe, mkia mpana unapigapiga nje.

"Nimevua mwenyewe!" alikuwa akipaza sauti. "Jamani, nimevua mwenyewe!"

Alifika, akafunua. Alikuwa tewa wa madoa, mnene, miba ya mgongoni imesimama, ndiyo maana alihitaji kitu cha kumshikia. Lile shati halikuwa na kifungo hata kimoja. Vyote vimeng'oka, nyuzi zinaning'inia. Mwenyewe alikuwa bado hajatambua.

Wifi yangu alilishika lile shati kwa ncha za vidole, akatazama mahali pa kifungo cha kwanza, akatazama pa cha mwisho. Akamtazama mume wake kifua wazi katikati ya mwani. Midomo ilikuwa inamcheza, na macho yamejaa machozi.

"Na hili, bwana," akasema, "nani aliyekuvua?"

Kaka akaangalia kifua chake. Akaangalia mikono yake, hii na hii.

"Mwenyewe," akasema. "Nimevua mwenyewe."